Sanamu Iliyosemeshwa

Mjomba wangu hakujua lugha yoyote ya kigeni, na kwa miaka kumi na tisa alikula kwa kutafsiri filamu za kigeni. Nalisema hili mapema ili msije mkaanza kumhurumia kabla ya wakati.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ananunua filamu, anajifungia kwenye chumba alichokizungushia magodoro yaliyosimamishwa ukutani ili kuzuia kelele za mtaa, anakaa mbele ya runinga na maikrofoni, na kuanza kumwaga Kiswahili juu ya midomo ya watu wasiomjua. Mwanamume, mwanamke, mtoto, mbwa, wote walipata sauti yake ileile nene, yenye mafua kidogo. Ndiyo maana mtaani walimwita Sauti Moja. Bibi harusi akilia, alilia kwa besi. Asichokielewa alikibuni, na kwa kuwa hakuelewa chochote, alibuni vyote. Kilichomshinda kubuni alikikata. Kisha diski zikauzwa, na kwenye mabanda ya video watu wakajazana, na wengi waliapa kwamba filamu asiyoitafsiri yeye haina chumvi.

Yeye na mama yangu walilelewa katika nyumba ya Kikatoliki, rozari kila jioni, watakatifu ukutani wamepangwa kwa urefu. Utotoni alitumikia altareni. Ukubwani akamwoa binti wa mchungaji, mlokole wa kweli, na huyo mkaza mjomba wangu akahakikisha kwamba ndani ya nyumba yao hakuna picha hata moja. Picha yao ya harusi ilikaa kabatini chini ya mashuka, maana alisema picha ni mlango na sanamu ndiye mgeni. Baba yake, yaani mchungaji mwenyewe, alikuwa akimwita Mjomba mwabudu sanamu huku wanakula sahani moja. Miaka kumi na mitano Mjomba alicheka tu na kunawa mikono.

Katika jambo moja sitamnyang'anya haki yake. Kwa kulala Ukatolikini na kuamkia Uprotestantini, alijifunza kuzitazama filamu kwa namna ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Filamu zake zote zilikuwa kwenye maboksi mawili ya kadibodi. Moja aliliandika kwa kalamu ya wino mzito, ZA MACHO. La pili, ZA MASIKIO.

"Filamu ya mtu aliyekulia kwa Wakatoliki," aliwahi kuniambia, "hata kama mwenyewe siku hizi hasali, utaijua tu. Mungu wake yumo ndani ya vitu. Yumo kwenye mkate, kwenye jasho, kwenye mama mnene anayegombana na majirani. Jambazi anaua mtu halafu anafanya ishara ya msalaba, kwa sababu anajua kuna padre mahali fulani atakayemsikiliza. Watu ni wengi, wanakula, wanagusanagusana. Mungu hasemi neno, ila huwezi kuvuka chumba bila kujikwaa naye."

"Na ya Mprotestanti?"

"Mtu mmoja. Nyumba nyeupe, kiti kimoja, upepo. Anapigana na dhamiri yake na hana wa kumwungamia. Mungu yuko mbali, mwanangu, mbali mno. Akija, anakuja kwa neno, au kwa mwanga unaompiga mtu usoni. Ukithubutu kumwonyesha sura, wenyewe wanatoka nje. Na mwishoni yule mtu ama anageuka ghafla, ama anajinyonga."

Nilimuuliza anazipenda zipi.

"Kwa riziki, za masikio. Watu wa humo wanaongea. Za macho zitanilaza njaa. Dakika tano mtu anautazama mshumaa. Mimi niseme nini? Mshumaa unawaka?"

Lakini nilijua, kwa sababu nilimfuma mara mbili, kwamba siku za mapumziko alizitazama hizo za macho peke yake, maikrofoni ikiwa imezimwa, akifuta machozi kwa kiganja.

Mama yangu alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni. Baba alishafariki. Tulitoka wawili tu tumboni mwake: mimi, ambaye wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne na nauza kwenye duka la dawa, na mdogo wangu wa miaka tisa tuliyemwita Kitinda. Kitinda alizaliwa na tundu moyoni. Akikimbia hatua kumi anachuchumaa, midomo inakuwa ya buluu, anangoja pumzi irudi, kisha anainuka na kuendelea na mchezo palepale alipouachia. Madaktari wa moyo walikuja hospitali kuu mara moja kwa mwaka, wakapasua watoto sita, wakaondoka. Mwaka ule, baada ya kuzungushwa misimu mitatu, Kitinda aliandikwa wa nne. Siku yake ilikuwa Alhamisi. Akiikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mwaka mwingine daktari alisema wazi kwamba hatufiki.

Mama alisaini karatasi, na tangu alipoisaini hakulala. "Watamfungua kifua kama sanduku," alisema. Alisema hivyo anafua, anapika, anasuka nywele za Kitinda. Watu husema Mama alidanganywa. Nilikuwapo. Mama alikuwa anatafuta wa kumdanganya, na kaka... tena wala si kaka, mdogo wake wa kiume, ndiye aliyemtangulia kila mtu.

Majuma mawili kabla ya Alhamisi hiyo, Mjomba alikuwa amepata filamu moja ya zamani, ya lugha ambayo hata salamu yake hakuijua. Ya macho kabisa. Mfuaji nguo wa milimani ana binti mgonjwa. Daktari anakuja na mkoba wake, anasimama mlangoni anaongea na mama kwa muda mrefu, kisha anapanda nyumbu na kwenda zake. Mama anakwenda kanisani. Kuna Kristo wa mti, mkono mmoja umevunjika, vidole vya miguu vimelika kwa kubusiwa. Anapiga magoti mbele yake kwa dakika nne. Hakuna muziki, hakuna neno. Anarudi nyumbani, anamkuta mtoto amekaa kitandani anaomba mkate. Imekwisha.

Sasa Mjomba akawa na matatizo mawili. La kwanza, daktari kaondoka kwa nini? La pili, dakika nne za kimya kwenye banda la video zinarushiwa chupa za maji. Akayatibu yote mawili kwa dawa moja. Akaisemesha sanamu. Aliipa sauti nzito, ya polepole, aliyomwibia baba mkwe wake pale madhabahuni:

"Mama, inuka. Nimeyaona machozi yako. Mwenye visu nimemfukuza mimi. Usimtoe mtoto wako akatwe. Nimeshamgusa. Imani yako isiyumbe, wala usirudi nyuma."

Nimelifikiria kosa hili kuliko nilivyofikiria kitu kingine chochote maishani. Mkatoliki anamjua yule Kristo wa mti: anasikiliza, hajibu. Unamwachia mzigo wako, unakwenda hospitali. Mprotestanti analijua neno, na neno likitoka kwenye kinywa cha sanamu yeye anaziba masikio. Kila mmoja alikuwa na kinga yake, nzuri tu, ya miaka mingi. Mjomba alizivunja zote mbili kwa pumzi moja, ili asirushiwe chupa.

Filamu ilivuma. Akina mama wa parokia waliinunua kwa dazeni, maana Kristo wao wa mti amesema hatimaye. Walokole nao waliinunua, maana lilikuwa ni neno. Walifunika runinga kwa kitambaa cha meza zikifika zile dakika nne, wakasikiliza. Mchungaji alimwita Mjomba mtumishi, kwa mara ya kwanza, tena mbele ya wazee wa kanisa, akampangia kutoa ushuhuda Jumapili ijayo. Mjomba alitembea wiki nzima kifua mbele.

Mama aliitazama nyumbani kwa Mjomba, Jumapili mchana, siku nne kabla ya upasuaji. Mkaza mjomba alikuwa jikoni, amegeuzia runinga mgongo kwa makusudi, anasikiliza. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Mfuaji nguo alipopiga magoti, Mama aliacha kupepea. Sauti ikatoka. Ni sauti iliyokuwa ikimwomba amfunge viatu walipokuwa watoto, sauti aliyoisikia ikibweka kama mbwa wiki iliyotangulia, na Mama aliteleza kutoka kitini akapiga magoti sakafuni.

"Amina!" ikatoka jikoni.

Mkaza mjomba akaja mbio, mikono ina unga wa sabuni. Wanawake wale hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote, hata juu ya kiasi cha chumvi. Siku ile walikumbatiana wakalia.

"Wifi, umesikia?" mkaza mjomba akauliza.

"Nimemwona, wifi yangu. Amenitazama mimi."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama ili aseme kitu. Aliona kila kilichokuwa kikitendeka, na akatabasamu. Hakuna aliyewahi kumpigia magoti hapo kabla.

"Alhamisi hatuendi," Mama akasema.

Jumatatu nilitoka kazini nikamfuata kwenye chumba chake cha magodoro.

"Mjomba, mwambie ni wewe."

"Anajua ni mimi. Nani asiyeijua sauti yangu?"

"Mwambie maneno ni yako."

Akaanza kuukunja waya wa maikrofoni, akaukunjua, akaukunja. "Unajua Jumapili nina ushuhuda. Mzee mwenyewe kaniita mtumishi. Miaka kumi na mitano, mwanangu. Acha Jumapili ipite, nitakaa na dada tuzungumze taratibu."

"Alhamisi inaitangulia Jumapili, Mjomba."

"Mungu ni mkubwa."

Nilimtukana tusi ambalo siwezi kuliandika. Halitamkwi kwa mjomba, na sijalijutia.

Nikaenda kwa Padre. Alikuja Jumanne, akakaa, akaongea vizuri sana: madaktari nao ni kazi ya Mungu, mpeleke mtoto. Mama alimkaribisha chai, akaitikia kila kitu, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akasema, "Padre hajaiona," akaendelea kupasi.

Jumatano saa tisa mchana Mjomba akatokea mlangoni kwetu, deki kwapani na filamu yenyewe mkononi, ile isiyo na sauti yake. Sijui kilichomsukuma. Labda alishindwa kula. Nampa haki yake kwa hilo pia, kiasi chake.

"Dada," akasema kabla hajakaa, "nilibuni."

Mama akacheka. "Najua umebuni. Kwani ni lini hukubuni?"

"Yale ya sanamu. Hayamo. Nilitaka watu wasirushe chupa."

"Na uliyatoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani yaliingizwa na nani?"

Walilelewa nyumba moja hawa, na kila jibu ambalo Mjomba angelitoa, dada yake alikuwa amefundishwa kulipangua.

"Mungu hachagui bomba la kupitishia maji," Mama akaendelea. "Angechagua, angekuchagua wewe?"

Basi akaunganisha deki. Tukatazama wanne: Mama, Mjomba, mimi, na Kitinda aliyeegemea paja la Mama akila andazi. Daktari akaongea lugha yake mlangoni, akapanda nyumbu. Mwanamke akapiga magoti. Dakika nne. Nje kulikuwa na mtu anafagia uwanja, tukausikia ufagio wote. Kristo wa mti akamtazama yule mwanamke na hakusema kitu, wala mdomo haukutikisika, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi filamu ile ilivyokuwa nzuri. Mjomba alimgeukia Mama, machozi yanamtoka.

"Umeona, dada? Kimya."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ameyasema yaleyale," akasema. "Tena leo nimemsikia vizuri zaidi. Siku ile ulikuwa unamkatiza."

Mjomba akampigia mke wake simu, akaiweka sauti ya juu, akamsihi naye aseme. Mkaza mjomba alikuwa mkali. "Neno limeshatoka, mume wangu. Usitake kulimeza. Unamwogopa nani?"

Kitinda akauliza, "Kwa hiyo sikatwi?"

"Hukatwi, mama," Mama akamjibu.

"Afadhali," akasema Kitinda, akamalizia andazi lake.

Alhamisi Mama aliondoka alfajiri kwenda kufua. Nilimvalisha Kitinda, nikambeba mgongoni mpaka hospitali, ingawa alinililia njia nzima. Muuguzi alitaka mzazi. Nikasema mama amekufa. Akafungua faili, akaikuta saini yake na namba yake ya simu, akanitazama, akapiga. Niliisikia sauti ya Mama kutoka kwenye simu ile, tulivu, ikisema hapana, asante, Mungu awabariki. Sheria haikuitambua saini yangu. Kufika saa kumi jioni nafasi ilikuwa ya mtoto wa fundi viatu. Yuko hai, ananenepa, simlaumu. Hapo nimesema uongo.

Kitinda aliishi wiki kumi na moja. Alikufa asubuhi, kwenye saa nne, uani. Alikuwa anaanika soksi zake za shule. Akachuchumaa kama alivyozoea, nasi tukangoja ainuke kama tulivyozoea. Mama alimwita mara mbili bila kuacha kukamua shuka.

Siku ya tatu ya matanga nyumba ilikuwa imejaa. Mjomba alikaa pembeni na wanaume, kichwa chini, akingoja. Alijua hukumu itakuja, na nadhani aliitaka. Alidhani ataambiwa uliongopa, umeniulia mtoto. Angelia, angegaagaa, na baada ya miaka angesamehewa kama watu wanavyosamehewa.

Mama akasimama, akamwelekea.

"Mwanangu alikuwa ameshaguswa," akasema. "Uliambiwa usirudi nyuma. Ukarudi. Ukaja ndani ya nyumba yangu na deki yako ukamkana Mungu mbele ya mtoto. Ungenyamaza, angekuwa hai."

Mkaza mjomba, aliyekuwa ameketi pembeni ya Mama amemshika mkono, akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya pili kukubaliana. Nilimtazama Mjomba, nikaona limemwingia. Mtu huyu aliyebuni kila neno kwa miaka kumi na tisa, la kwanza kuaminiwa kuwa si lake ndilo lile la sanamu, na wa mwisho kuliamini akawa yeye.

Hakugusa tena maikrofoni. Mchungaji alimhubiri Jumapili mbili mfululizo kama mfano wa anayetazama nyuma, bila kumtaja, naye ameketi kiti cha tatu. Magodoro aliyauza. Alikuwa akionekana amekaa mbele ya runinga iliyozimwa, midomo inacheza, na watoto wa mtaa walimwita Sauti Hakuna, wakacheka, kwa kuwa inachekesha.

Miezi minane baadaye alikuja dukani kwangu na cheti cha dawa za presha. Alikuwa amekonda. Nilimhesabia vidonge. Hakuondoka dirishani.

"Mwanangu," akasema, "wewe unayajua mambo ya dawa. Nikuulize kitu, unijibu ukweli. Usinihurumie."

"Uliza, Mjomba."

"Ningenyamaza. Ile Jumatano. Nisingekuja. Unadhani angepona?"

Tundu la moyo najua lilivyo. Daktari alituchorea. Damu chafu inachanganyika na safi, kila siku, mtu aseme au asiseme, na hakuna sanamu wala neno wala kimya kinachoweza kulishona. Jumatano ndiyo siku pekee Mjomba alipofanya lililo sawa. Ningemwambia hivyo kwa sentensi moja, angerudi kwake akalala. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa vidole vyote kumi, anautazama mdomo wangu.

"Ndiyo, Mjomba," nikamjibu. "Angepona."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akanishukuru. Nikamwandikia kwenye bahasha ya dawa, kimoja asubuhi kimoja jioni, nikamwomba asogee kidogo ili mteja wa nyuma yake apite.